Kwenda mjini na mtoto ukitokea Kimara

Sisi wa Kimara tukisema tunakwenda mjini tunamaanisha Posta au Kariakoo, ingawa tunaishi Dar es Salaam hiyohiyo. Ukishakuwa na mtoto anayenyonya, safari hiyo inageuka shughuli, na wamama wengi ninaowajua wanaikwepa kabisa. Wanamwacha mtoto kwa bibi yake, wanamtuma baba, au wanakaa nyumbani mpaka mtoto aanze kutembea. Mimi siko upande wao. Mtoto wa miezi sita, saba, minane hajajua kukimbia, chakula chake kikuu umekibeba kifuani, na usingizi anaulala popote ulipo mgongo wako. Mwakani atakuwa mzito na mbishi. Toka naye sasa.

Sharti ni moja, nalo likubali kabla hujafunga mlango: siku hiyo una shida moja tu mjini. Kama ni benki, ni benki. Kitambaa cha mshono, kumsalimia wifi Ilala, na ile "nipitie mara moja Kariakoo", vyote hivyo vina siku zake. Mtoto anavumilia jambo moja vizuri sana. La pili ndilo linalomliza, na wewe ukimfuata.

Anza na kalenda. Masika, yaani Machi mpaka Mei, mimi siendi mjini na mtoto ila kwa dharura. Mvua kubwa ikinyesha, bonde la Jangwani linajaa maji na mabasi ya mwendokasi yanasimama, halafu unajikuta Magomeni na mtoto mgongoni, barabara imefungwa na bodaboda wanakuita. Desemba mpaka Februari joto lake si la mchezo; ukienda, nenda mapema na uwe umerudi saa sita. Juni mpaka Agosti ndiyo miezi ya kutembea na mtoto Dar: upepo wa kusi, asubuhi ina ubaridi kidogo, na hata saa saba mchana unapata pumzi. Siku ya wiki chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Jumatatu kila mtu ana lake ofisini, Ijumaa mchana mji unafunga na kufungua upya kwa ajili ya sala, Jumamosi ni Kariakoo yote imehamia barabarani.

Sasa mzigo. Kigari cha mtoto kiache nyumbani. Najua kimenunuliwa kwa hela, najua kinapendeza kwenye picha. Mitaa ya mjini njia ya miguu inaanza, inakatika kwa meza ya viatu, inaendelea, inakatika kwa gari lililopaki, halafu kuna mfereji uliokosa mfuniko. Kigari unaishia kukibeba mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Unachohitaji ni doti ya kanga iliyokwisha kukatwa, vipande viwili. Kimoja ni mbeleko. Kingine ni shuka, kivuli, godoro, pazia la kunyonyeshea, na taulo la dharura. Wanaopenda kitenge sigombani nao, ni kigumu na hakivutiki, lakini kwa joto letu kanga iliyofuliwa mara nyingi inapitisha hewa zaidi na mtoto hatoki na mgongo umeloa.

Begi liwe la mgongoni, ila livaliwe kifuani, maana mgongo una mwenyewe. Ndani yake: pampasi tatu au nne, taulo dogo la uso lililoloweshwa na kukamuliwa likawekwa kwenye kopo lenye mfuniko, nguo mbili za kubadilisha za mtoto, na blauzi moja ya kwako. Hiyo blauzi usiidharau. Mtoto akicheua ndani ya basi, yeye utambadilisha, wewe utaingia benki unanuka maziwa. Weka kofia ya pamba yenye ukingo, kadi ya kliniki, na kadi ya bima kama mnayo. Kadi ya kliniki haina uzito wowote, na siku mtoto akipata homa mbali na nyumbani, mganga atakayempokea ataona uzito wake na chanjo zake bila kukuuliza maswali unayojibu kwa kubahatisha.

Halafu mifuko ya mkate. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, pampasi iliyotumika imekuwa mtihani, kwa sababu ile mifuko mipya ya kitambaa inapitisha harufu yote. Mfuko uliokuja na mkate wa kawaida haupitishi kitu. Mimi kila mkate ukiisha nyumbani, nakung'uta makombo, naukunja, naweka kwenye droo. Siku ya safari nachukua mitatu.

Kutoka nyumbani

Usiende na wafanyakazi. Saa kumi na mbili mpaka saa mbili na nusu asubuhi pale Kimara Mwisho watu hawapandi basi, wanaingizwa. Mnyonyeshe mtoto nyumbani saa tatu kasoro, mbadilishe pampasi hapohapo mlangoni hata kama iliyopo haijajaa, kisha toka. Kufika kituoni saa tatu na nusu foleni imeshapungua, na kwa kuwa Kimara ni mwanzo wa njia, ukisubiri basi linalofuata unapata kiti. Subiri. Dakika kumi za kusimama kituoni, penye kivuli, ni nafuu kuliko kusimama ndani ya basi mpaka Kivukoni.

Mwendokasi una faida moja ambayo mtu asiye na mtoto haioni: sakafu ya kituo na ya basi ziko sawa, hupandi ngazi. Unaingia kama unavyoingia sebuleni. Daladala ni ngazi mbili ndefu, konda anapiga bodi, na dereva anaondoka ukiwa na mguu mmoja chini. Ukilazimika kupanda daladala, mpe mtoto abiria aliyekaa karibu na mlango kabla hujapanda. Mtu akikuambia "nipokee mtoto, dada", mpe. Huo ni utaratibu wetu wa siku zote. Mtoto atakaa kwenye mapaja ya mtu asiyemjua mpaka wewe upate pa kushika, na akishuka yule mtu, wa jirani anampokea. Mtoto wa kubebwa halipiwi nauli.

Ndani ya mwendokasi kaa upande wa kulia ukienda mjini, ukirudi kaa wa kushoto. Barabara ya Morogoro inakwenda mashariki kuelekea mjini, na miezi hiyo ya Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo asubuhi linapiga kushoto na mchana mnaporudi linapiga kulia. Abiria wengi hawalijui hili, ndiyo maana viti vya kivulini vinabaki.

Bodaboda, hapana. Sina maelezo marefu. Helmeti ya mtoto wa miezi saba haipo pale kijiweni, na mtoto aliyebanwa katikati ya mama na dereva hana mtu wa kumlinda mkianguka. Taksi ya kuita kwa simu ni sawa ukichoka, kaa kiti cha nyuma, jifunge mkanda wewe. Usimzungushie mtoto mkanda huohuo mkafungwa pamoja, maana gari likisimama ghafla uzito wako wote unamkandamiza yeye. Salama ya kweli ni kiti chake mwenyewe, na kama mna gari nyumbani hilo ndilo la kununua badala ya kigari.

Kumfunga

Wengi wetu tumefunga mbeleko tangu tukiwa watoto tukibeba wadogo zetu, lakini ya kwenda mjini ina mambo yake. Inama kiuno kabisa, mgongo ulale. Mtoto akae juu kidogo ya kiuno, si chini kwenye makalio, kidevu chake kifike kwenye mabega yako. Tandaza kanga kuanzia chini ya makwapa yake mpaka chini ya magoti, magoti yawe yamepanda juu kuliko makalio na miguu imekumbatia kiuno chako. Ncha moja ipite juu ya bega, nyingine chini ya kwapa, kaza kwanza ile ya chini, ndiyo inayobeba uzito, kisha funga kifuani fundo la mara mbili. Simama, rukaruka kidogo. Akishuka, fungua uanze upya. Usijidanganye kwamba atakaa sawa mbele ya safari.

Kwenye msongamano mzungushe aje ubavuni au kifuani. Si kwa sababu ya wezi tu. Mgongoni humwoni: hujui kama kofia imemfunika pua, hujui kama bibi wa nyuma yako kwenye foleni ameshampa kipande cha kashata. Na ile kanga ya pili ukimfunikia jua, isimfunike uso mzima. Chini ya kanga iliyobana joto linapanda haraka na hewa haizunguki. Ishike mbele kama paa, ubavu uwe wazi.

Shida yako imalize kwanza

Ukishuka Posta ya Zamani saa nne na kitu, nenda moja kwa moja kwenye ile shida yako. Ofisi nyingi za serikali zinafungwa saa tisa na nusu alasiri, lakini usihesabu mpaka huko. Wewe saa zako ni kuanzia nne mpaka sita kasoro. Ukifika kwenye foleni usikae kimya mwisho ukingoja mtu akuonee huruma. Nenda mbele kwa mlinzi au kwa mtu aliye dirishani, salimia vizuri, sema, "Kaka, nina mtoto mchanga, naomba unisaidie." Mara nyingi utapitishwa, na waliokaa watakuunga mkono kabla hujamaliza sentensi. Kuna ofisi moja, siitaji, iliyowahi kuniambia nikamwache mtoto nje kwanza. Nje kwa nani? Nilikaa palepale kwenye kiti cha mbele nikaanza kunyonyesha. Faili langu lilipatikana.

Kunyonyesha hadharani Dar si habari. Hakuna atakayekukodolea macho isipokuwa mtu aliyekosa kazi. Kanga begani, mtoto ndani, unaendelea na mazungumzo yako. Kama mtoto ni wa kushtushwa na kelele, tafuta duka la vitenge au saluni ya kina mama. Muuza vitenge atakupa kiti au atakuonyesha robota la kukalia, na hata usiponunua kitu hatakufukuza ukiwa unanyonyesha. Saluni ni bora zaidi: kuna feni, kuna wanawake wenye mikono mitupu wanaosubiri dawa ikauke kichwani, na watagombania kumshika.

Hapo ndipo uwe na maneno ya kujikinga. Watu wetu wanapenda watoto kwa mikono na kwa midomo. Anayetaka kumbusu, mwambie "ana mafua huyu, atakuambukiza", atarudi nyuma mwenyewe bila kununa. Anayetaka kumlambisha soda, sema daktari amekataza; neno daktari linamaliza ubishi ambao neno lako wewe halimalizi. Karanga, kashata na chipsi za kukaushwa usiruhusu hata kwa heshima, maana mtoto asiye na magego anapaliwa navyo. Asali vilevile, kabla ya mwaka mmoja hapana. Na yule bibi atakayekusimamisha katikati ya Mtaa wa Samora kukuambia mtoto hana soksi, jua la saa tano linawaka: "Shikamoo bibi. Ahsante bibi, nitamvalisha." Endelea na safari. Usimvalishe.

Kariakoo? Ukiwa na shida ya Kariakoo, shuka Gerezani au Msimbazi, uwe dukani mapema iwezekanavyo kabla machinga hawajamaliza kutandaza, na utoke kabla ya saa tano. Baada ya hapo Mtaa wa Kongo haupitiki na mtoto. Msongamano wenyewe unaweza kuumudu, lakini kuna zile spika za kutangazia punguzo zinazowekwa kando ya njia, karibu kabisa na masikio ya mtoto aliyebebwa. Mtu mzima anakereka tu. Mtoto anashtuka, analia, na hanyamazi mpaka mvuke barabara.

Saa sita mpaka saa nane

Hizi ndizo saa zinazoharibu siku ya watu. Jua liko utosini, mtoto ana usingizi, mama ana njaa, na bado mtu anajiambia "acha nimalizie kile". Wewe saa sita kamili uwe kivulini na usitoke.

Pangu mimi ni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na ile bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893. Sijui kwa nini watu wa Dar wanadhani makumbusho ni ya wanafunzi na wazungu. Kiingilio cha raia ni nafuu, uwanja una miti na mabenchi, ndani ni tulivu, na jengo la zamani, lile lililofunguliwa mwaka 1940, lina kuta nene zinazotunza ubaridi. Mtoto wa miezi saba hana habari na Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Olduvai, lakini anapenda mambo mawili pale: magari ya zamani ya viongozi, kwa sababu yanang'aa, na mwangwi wa sauti yake ukumbini. Mwache apige kelele mbili tatu. Halafu keti kwenye bustani, tandika kanga, umlaze.

Chakula chake kitatokana na umri. Chini ya miezi sita ni ziwa tu, hata maji hapana, na joto likizidi unamnyonyesha mara nyingi zaidi. Maziwa uliyokamua yakiwa nje bila barafu hayakai zaidi ya muda wa saa nne, na hizo nne ni za chumba chenye ubaridi; kwa joto la Dar mimi siyabebi kabisa. Aliyeanza kula mpe vitu vyenye ganda: ndizi mbivu au parachichi. Hakuna chombo kisafi kuliko ganda la ndizi ambalo hujalimenya. Kijiko kimoja kutoka nyumbani, unakwangua kidogokidogo, basi. Uji wa lishe kwenye chupa ya chai unawezekana kama umeutia ukiwa wa moto kabisa kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, lakini ukishaufungua ukamlisha, uliobaki usiurudishe. Wewe mwenyewe kunywa madafu mawili na ule wali kwa mama ntilie. Mama asiyekula mchana jioni mtoto ndiye anayelalamika. Mkae mbali kidogo na pale kunguru walipo. Kunguru wa mjini wanamjua mtu mwenye mkono mmoja.

Kubadilisha pampasi bila meza ni hivi. Kaa kwenye benchi, magoti pamoja, tandaza kanga kwenye mapaja ikiwa imekunjwa mara nne. Mlaze mtoto kichwa kikielekea magotini, miguu tumboni kwako. Pampasi safi iingie chini ya ile chafu kabla hujaifungua. Hatua hii ndiyo watu wanairuka na ndiyo inayookoa sketi. Fungua, tumia upande wa mbele wa pampasi chafu kufutia ule uchafu mkubwa, ikunje ndani, ivute. Taulo loevu kutoka mbele kwenda nyuma, hasa kwa mtoto wa kike. Funga. Pampasi chafu ndani ya mfuko wa mkate, fundo, begini, mpaka utakapokuta pipa la taka la kweli. Mtaroni usitupe, mitaro hiyohiyo ndiyo inayojaa Aprili. Nawa mikono kwa sabuni, choo cha kulipia kiko kila mahali mjini na shilingi chache unazo.

Wakati amelala, mwangalie shingoni nyuma. Ikiwa na joto la kawaida na jasho kidogo, mko sawa. Ikiwa inachoma, mvue mpaka abaki na pampasi, mfute kwa taulo loevu, mpe ziwa. Kama pampasi imekaa kavu tangu asubuhi, hiyo siku imeisha, rudini. Na mtoto anayekataa ziwa kabisa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au mwenye homa, si wa kupelekewa dawa ya duka. Ni wa kituo cha afya kilicho karibu, na kadi ya kliniki unayo.

Kurudi

Uwe kituoni Kivukoni saa nane, nane na nusu ikichelewa sana. Saa tisa na nusu ofisi zinamwaga watu na hutapata hata mahali pa kuweka mguu. Kivukoni nako ni mwanzo wa njia, kwa hiyo kiti kipo. Upande wa kushoto, kumbuka. Usinunue kitu kizito dakika ya mwisho. Samaki wa soko la Feri wanavutia na wako palepale, lakini samaki, mtoto na mwendokasi havipatani. Mtume baba yake Jumamosi.

Ukifika, muogeshe kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kitu chochote, maana ameguswa na mji mzima. Kanga zote mbili ziende kwenye beseni siku hiyohiyo, toa mifuko ya mkate begini, sahani yako ya chakula ije kabla ya simu za watu wanaotaka kujua mjini kulikuwaje. Usiku huo ataamka mara nyingi kuliko kawaida, ni uchovu na mengi aliyoyaona, si ugonjwa. Kesho yake usimwahidi mtu chochote kabla ya saa nne.